Mwaka mzima wa msasa: niende VETA au nibaki kwa mjomba?

*"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 20, nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja la nne. Nipo karakana ya mjomba wangu hapa Morogoro, sasa ni mwaka na miezi minne. Napiga msasa, napaka vanishi, nabeba mbao, na kazi ikibana napigilia misumari. Mama anataka niombe chuo cha ufundi stadi cha VETA nikasomee useremala. Mjomba anasema VETA ni kwenda kusoma karatasi, ufundi uko mkononi, na nikiondoka nisirudi. Sitaki kumuudhi, yeye ndiye anayenilisha. Nifanyeje?"*

Marahaba kijana wangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa zaidi ni ile orodha ya kazi unazofanya, kuliko ugomvi wa mama na mjomba. Msasa, vanishi, kubeba, misumari. Kwa mwaka na miezi minne hujaandika hata mara moja kwamba umepima, umechora, umekata au umeunganisha. Kwa hiyo kabla ya kujibu kama ni chuo au karakana, nataka ujipime mwenyewe leo jioni.

Chukua karatasi na kalamu. Mteja anataka mlango wa paneli nne, upana sentimita 80, urefu sentimita 200. Niandikie vipande vyote vya mbao vitakavyohitajika, kila kimoja na kipimo chake. Usimuulize mtu.

Ukishindwa, usione haya, maana mimi nilikaa karakana ya Keko, Dar es Salaam, miaka miwili na nusu bila kuweza. Twende pamoja. Nguzo za pembeni ni mbili. Mlango ni sentimita 200, lakini nguzo unazikata sentimita 206, yaani unaacha sentimita 3 juu na 3 chini, ili ukitoboa tundu la kuingizia ulimi, yaani ncha iliyochongwa ya kipande kingine, karibu na mwisho wa nguzo, mbao isipasuke. Ziada hiyo utaikata mlango ukishakauka gundi. Kila nguzo ina upana wa sentimita 10, kwa hiyo katikati zinabaki 60. Vipande vya kulala ni vitatu: cha juu upana 10, cha kati 20, cha chini 20. Urefu wake si 60. Ni 60 pamoja na ulimi wa kila upande. Ukitaka ulimi uingie sentimita 6 ndani ya nguzo, unakata 72, na ukitaka utokeze upande wa pili, unakata 80. Kisha kuna nguzo fupi mbili za katikati, nazo za upana wa 10, moja juu na moja chini. Zikishakaa, kila paneli inaonekana kwa upana wa sentimita 25.

Sasa swali linalomtenganisha fundi na msaidizi wa fundi: paneli yenyewe unaikata upana gani? Mfereji unaoshika paneli una kina cha milimita 12 kila upande. Ungeijaza yote ungekata sentimita 27.4. Lakini hukati hivyo. Unaacha nafasi ya milimita 3 kila upande, unakata 26.8, na humo ndani ya mfereji hutii gundi hata tone. Jumla ni vipande 11, na kwa kuwa mbao ya inchi moja kwa nane haifiki upana huo, kila paneli utaiunga kwa vipande viwili.

Kwa nini milimita 3? Kwa nini pasiwe na gundi? Hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Nilitengeneza mlango wa namna hiyo wakati wa masika, pale Dar es Salaam, hewa ikiwa imejaa unyevu. Paneli nilizibana mpaka mwisho wa mfereji, nikatia gundi ya kutosha, nikapigilia na misumari midogo ili ziwe imara. Nilijivunia kazi ile. Mlango ukapakiwa ukaenda Dodoma. Mwezi wa tisa mteja akapiga simu: paneli mbili zimepasuka kutoka chini hadi juu, unapitisha kidole. Pale karakana kila mtu alikuwa na maelezo yake. Huyu akasema mbao ilikuwa mbaya, yule akasema gundi ilikuwa ya kuchakachua, mwingine akasema mteja aliuanika juani. Nikalipa mbao mpya kwa fedha yangu, nikatengeneza mlango mwingine vilevile nilivyotengeneza wa kwanza.

Nilikuja kujua sababu nikiwa chuoni, katika kipindi cha kawaida cha elimu ya mbao ambacho nusu ya darasa walikuwa wanasinzia. Mbao huvuta unyevu wa hewa na kuutoa maisha yake yote, hata ikiwa ni kabati la miaka mingi. Ikivuta inatanuka, ikitoa inasinyaa, na hufanya hivyo kwa upana, si kwa urefu. Kwa urefu badiliko ni dogo mno kiasi cha kutolihesabu. Tena mbao iliyopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya ile iliyopasuliwa kuelekea kwenye moyo wa mti. Mlango wangu ulitoka kwenye hewa nzito ya pwani ukaenda kwenye ukavu wa Dodoma. Paneli zilitaka kusinyaa, gundi na misumari vikazizuia, zikapasuka. Mbao ilikuwa nzuri tu. Nilikaa kwenye dawati lile nikamkumbuka yule mteja nikaona uchungu kweli.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nenda chuo. Lakini usiende kwa sababu mjomba hajui kazi, na usiondoke kwake kwa ugomvi, maana kuna mambo ambayo chuo hakitakupa na yeye anayo.

Mjomba anaposema VETA ni karatasi, hasemi uongo wote. Nimefundisha useremala miaka 11, najua tunapopungukiwa. Wanafunzi huwa wengi na meza za kazi chache. Mbao za mazoezi hutolewa kwa hesabu, kwa hiyo kiungo unakifanya mara tatu wakati mkono unahitaji mara thelathini. Hakuna mteja anayesubiri mlangoni na harusi ni Jumamosi. Kijana anaweza kumaliza hatua ya pili ya mafunzo akawa anajua kuchora kabati vizuri, lakini akipewa alitengeneze anatumia wiki tatu kwa kazi ya siku nne, na akiulizwa bei anataja inayomla mwenyewe.

Alicho nacho chuo ni sababu za mambo. Utafundishwa kusoma mchoro na kuchora kwa vipimo sahihi. Utafundishwa hesabu za mbao, viungo kwa vifaa vya mkono kabla hujagusa mashine, mashine zenyewe na vizuizi vyake vya usalama, na kukadiria gharama. Mafunzo ya VETA yamegawanywa katika hatua tatu za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ya kwanza hadi ya tatu, ambazo wazee wa kazi bado wanaziita kwa jina la zamani la "gredi". Ndani yake kuna kipindi cha kwenda kufanya kazi kwenye karakana au kiwanda. Mwaka wa masomo kwa kozi ndefu huanza Januari na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anza sasa kufuatilia matangazo ya chuo kilicho karibu nawe. Daraja lako la nne lisikutie unyonge. Hata waliomaliza darasa la saba wana nafasi yao kwenye ufundi stadi.

Tena VETA si mlango pekee. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, viko zaidi ya 50 nchini na vingi vinafundisha useremala, mara nyingi karibu zaidi na kijijini. Na kama baadaye utavutwa na upande wa viwanda, yaani kupasua magogo, kukausha mbao kwa tanuri na kunoa misumeno mikubwa, kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi, ambacho hiyo ndiyo kazi yake.

Utasikia pia habari ya urasimishaji ujuzi: mtu aliyejifunzia mtaani anapimwa kazi yake palepale karakana, anazibiwa mapengo kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti bila kukaa chuoni mwaka mzima. Ni mpango mzuri, na ningetamani mjomba wako aufuate, kwa sababu fundi wa miaka mingi akiwa na cheti anaweza kuomba kazi za milango na madawati ya shule akiwa na kitu cha kuweka mezani. Lakini wewe bado. Utaratibu ule unapima unachojua tayari, na ukipimwa leo watapima msasa.

Sasa kuhusu mjomba. Kuna vitu vitatu nilivyojifunza karakana ambavyo hakuna darasa lililonipa.

Cha kwanza ni kuijua mbao kwa mkono. Simama na mjomba anaponunua. Msindano unaotoka Mafinga na Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, mara nyingi hupakiwa kwenye lori ukiwa bado mbichi. Mbao mbichi ni nzito kuliko umbo lake na ina ubaridi ukiiweka shavuni. Ukipigilia msumari, maji yanachungulia. Ukiijengea kabati wiki hiyohiyo, milango ya kabati itapinda. Kanuni ya mafundi ni kwamba mbao ikipangwa kivulini na vijiti kati yake ili hewa ipite, unene wa inchi moja unahitaji kama mwaka kukauka kwa hewa. Mteja hasubiri mwaka, najua. Basi angalau kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki, na usianze kazi mpaka uzito uache kushuka. Ujue pia mninga kwa rangi yake na jinsi unavyokubali randa, mkongo kwa uzito na ugumu wake, mtiki kwa ule mafuta-mafuta unaosumbua gundi usipoufuta kwa thina kabla ya kuunga. Wapo wauzaji wanaopaka rangi mbao nyingine na kuiita mninga. Mwombe mjomba akuonyeshe kipande kilichorandwa upya, unuse, uangalie nyuzi. Jicho hilo linajengwa yadi kwa yadi.

Cha pili ni bei. Kaa karibu anapozungumza na wateja. Sikiliza anachosema na anachonyamazia. Anachukua malipo ya awali kiasi gani, na je yanatosha kununua mbao zote? Fundi anayechukua advansi ya mteja wa tatu ili amalizie kazi ya mteja wa kwanza yuko ndani ya shimo, na mafundi wengi wazuri wamezikwa humo wakiwa na mikono ya dhahabu.

Cha tatu ni mwendo wa kazi, na huu hauelezeki. Unaupata kwa kurudia.

Kwa hiyo usimwendee mjomba na habari ya kuondoka. Mwendee na ombi. Chagua siku ametulia, si siku mteja amemfokea, na kama mama au babu anaweza kuwepo ni bora zaidi. Mwambie hivi: "Mjomba, nashukuru umenipokea. Naomba kila mwezi unipe kazi moja ndogo niifanye tangu kupima mpaka kumkabidhi mteja, wewe ukinisimamia. Nikiharibu mbao nikatwe kidogokidogo. Na nikipata nafasi chuoni, naomba nirudi kwako likizo na kipindi cha mazoezi." Wajomba wengi wanaoogopa VETA wanaogopa kubaki peke yao na mzigo wa kazi. Akijua utarudi na kitu, moyo wake unalainika.

Akikubali, andikeni. Uanagenzi ni makubaliano, hata kama ni wa ndugu. Ukurasa mmoja unatosha: utajifunza nini na kwa muda gani, siku za kazi, posho au chakula, nani ananunua vifaa, na ukiumia nani anagharamia matibabu. Wekeni sahihi ninyi wawili na shahidi mmoja, mama aweke nakala. Nimewaona vijana waliokaa miaka minne kwa "utajifunza tu taratibu", wakatoka na mikono migumu na bila kazi hata moja wanayoweza kusema ni yao. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika ufundi wetu, kwa sababu si uvivu wa vijana. Ni kwamba hakuna aliyewapa kitu kizima wakifanye.

Akikataa kabisa, basi utakuwa umejua, na utaenda chuo bila deni moyoni.

Wakati unasubiri Januari, anza kununua vifaa vyako, kimoja kimoja. Usianze na mashine. Anza na futikamba, skwea na penseli ngumu, kisha patasi mbili, ya milimita 12 na ya 25, kisha randa ya chuma, kisha msumeno wa mkono wenye meno madogo, kisha jiwe la kunolea. La hasha, jiwe linunue pamoja na patasi, maana patasi butu ndiyo inayokata vidole, unailazimisha, inateleza. Noa makali kwa mwinamo wa nyuzi 25, kisha malizia ncha yake kwa nyuzi 30. Ukitaka kujua kama imenoleka, ikate kwenye kichwa cha mbao ya msindano, pale nyuzi zilipokatwa. Ikiacha uso laini unaong'aa, ni kali. Ikisaga na kuacha unga, rudi kwenye jiwe. Kijana anayejua kunoa hapati shida ya kukaribishwa karakana yoyote.

Jifunze pia bodi, usizidharau. Makabati ya jikoni na ya nguo mijini sasa mengi ni ya MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na blokibodi, na huko ndiko wateja wengi waliko. Kazi yake ina nidhamu yake: kipimo kisikosewe hata milimita moja, kingo zifungwe vizuri zisinywe maji, na tundu la bawaba ya kujificha litobolewe kwa kipenyo cha milimita 35 bila kutokea upande wa pili. Fundi wa mbao halisi akijifunza bodi anaiweza upesi. Aliyeanzia bodi akipewa mninga huwa anahangaika sana.

Nisisahau kifua chako. Mtu anayepiga msasa mwaka na miezi minne amevuta vumbi jingi. Vumbi la mbao limethibitishwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa linasababisha saratani ya pua, hasa vumbi la mbao ngumu, na la mvule huwasha ngozi na kubana kifua hata kwa siku moja. Vaa barakoa nzuri inayobana usoni, si kitambaa tu, na pigia msasa nje upepo ukiwa mgongoni. Na vile vipande vya mbao za dawa, zile za kijani za kenchi, msiwape mama lishe kuwashia moto. Dawa ya mbao hizo mara nyingi huwa na sumu aina ya aseniki, nayo inatoka na moshi na kubaki kwenye majivu. Mwambie mjomba pia, kwa heshima.

Kazi ya kuanzia ninayokupa ni stuli. Tafuta masalio ya karakana, uombe ruhusa. Miguu minne ya sentimita 45, vipande vinne vya kuiunganisha juu na vinne chini, kikalio cha sentimita 30 kwa 30. Usitumie msumari wala skrubu hata moja. Viungo vyote viwe vya ulimi na tundu, na unene wa ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao. Kabla ya kukata chochote, andika orodha ya vipande kama tulivyofanya kwenye mlango. Ukishaunga, iweke juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa uone kama inacheza. Ikicheza, usikimbilie kupunguza mguu. Pima kona kwa kona kwa futikamba kwanza. Vipimo viwili vikitofautiana, stuli yako imepinda, na kosa liko kwenye mabega ya ulimi, yaani pale kipande kinapogota kwenye mguu.

Fanya ya pili kabla ya kuitupa ya kwanza, uziweke pamoja uzitazame. Msalimie sana mama, na mjomba umwambie namheshimu.